Orbitron: mpe jina la duka, namba ya simu usimpe

Habari zenu wakuu, huku Mtwara kuchele. Leo naomba niwape riviu ya kitu ambacho wengi mnakiona kila siku bila kujua kama kina jina, ni fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, inaitwa Orbitron. Mi ni mtu wa mabango na stika hapa mjini, nina kompyuta moja, plota moja ya kukatia stika na meza ya kubandikia, na huu ni mwaka wa tatu naitumia karibu kila wiki kwa hiyo hii siyo riviu ya mtu aliyeishusha jana akaipenda. Nimeikata kwenye stika za bajaji, nimeichapisha kwenye fleksi, nimeigandisha kwenye jezi za ndondo, na kuna siku imepakwa rangi kwa brashi ukutani kabisa. Kuna kazi imenipa jina na kuna kazi imenirudishia mteja dukani kakunja uso, na zote nitazisema, maana kuna vijana wanaanza kazi hii huku kusini, Lindi, Masasi, Newala, na naona wanaimwaga fonti hii kila sehemu kama chumvi.

Kwa asiyeijua, ni yale maandishi mapana ya kimraba yenye kona za mviringo ambayo mteja akiyataka hasemi Orbitron, anasema "kaka nataka yale ya roboti" au "ya kwenye muvi za angani", au anakuonyesha picha ya gemu kwenye simu yake. Fundi simu anayataka, mwenye banda la gemu anayataka, kinyozi wa vijana anayataka, siku hizi mpaka wa kuosha magari. Na wala hawajakosea, fonti hii imetengenezwa hasa kwa maandishi makubwa ya kuvuta jicho, siyo ya kusoma kurasa kwa kurasa.

Sasa iangalie O yake kwa karibu. Siyo duara ile, ni mstatili uliolainishwa kona, na kama umekulia zama za TV ya chogo utaijua palepale, ni umbo la kile kioo. Ukoo wake ndo unatokea huko. Mwaka 1952 pale Torino, Italia, kwenye kiwanda cha herufi cha Nebiolo, Alessandro Butti na Aldo Novarese walitoa fonti inaitwa Microgramma, herufi kubwa tupu, na mwaka 1962 Novarese akaiendeleza kwa kuweka na herufi ndogo ikawa Eurostile. Kipindi hicho TV ndo kitu kipya mjini, kwa hiyo umbo la kioo cha TV likawa ndo sura ya kesho. Marekani nako walikuwa na Bank Gothic ya Morris Fuller Benton, ya 1930, nayo ya kimraba hivyohivyo. Basi miaka na miaka ukiangalia muvi ya chombo cha angani, ubavuni kumeandikwa kwa hizo hizo, mpaka Matt McInerney, dizaina wa Marekani, alipotoa Orbitron mwaka 2009 kupitia The League of Moveable Type ambao wanagawa fonti bure, na nia yake alisema wazi, alitaka madizaina wa baadae wawe na kitu kingine zaidi ya Eurostile na Bank Gothic. Kwa hiyo mteja akija dukani kwangu akasema anataka maandishi ya kisasa kabisa, namkatia umbo ambalo lilianza kabla mzee wangu hajazaliwa, na bado linaonekana la kesho, kwa kweli hilo huwa linanifurahisha kila mara.

Kilichonifanya niipende mi mwenyewe ni A. Kiswahili kimejaa A, huwezi kuandika bango la neno moja ukaikwepa. Andika NANYAMBA, A tatu. TANDAHIMBA, tatu. MTWARA yenyewe mbili kwenye herufi sita. Kwenye fonti nyingi A ni pembetatu, na pembetatu ikikaa katikati ya herufi zilizosimama inaacha mianya juu kushoto na kulia, ukiandika neno lenye A nyingi maandishi yanakuwa kama yana mapengo na inabidi ukae unasogeza herufi moja moja kwa mkono. A kubwa ya Orbitron haina ncha, juu iko bapa, kona zimelainishwa, miguu miwili imeshuka wima na ubao umekata katikati, kama mlango wa zile nyumba za kale pale Mikindani. Ukiandika NANYAMBA kwa Orbitron Black, yaani ule unene mkubwa kabisa, halafu ukasogea nyuma hatua kumi unaona mstari mmoja uliojaa sawasawa, milango mitatu imesimama ukutani, hakuna pengo hata moja. Sijui kama aliyeichora aliwahi kufikiria lugha yenye A nyingi namna hii lakini imetukaa kama tumepimiwa na fundi cherehani.

Ila hiyo A ina gharama yake. Ikiwa ndogo inakaribiana mno na R, maana R nayo ina kichwa bapa na kifua hichohicho, tofauti ni huko chini tu kwenye mguu. Kwenye bango la futi nane hakuna tatizo, lakini kuna siku nilikata stika za vioo vya mbele vya bajaji, neno MTWARA, urefu wa herufi kama sentimita mbili hivi, nikabandika, nikarudi nyuma, ile ARA ya mwisho ikawa kama kitu kimoja kimejirudia mara tatu. Nilizibandua zote nikakata upya kubwa zaidi. Tangu siku hiyo kwangu chini ya sentimita nne sikati Orbitron kwa herufi kubwa, natumia herufi ndogo zake ambazo zenyewe ni ndefu za kutosha na A yake ndogo ina umbo tofauti kabisa na r, haichanganyi.

Tatizo la pili ni upana, na hapa ndo naona vijana wengi wanaharibu. Fonti hii ni pana na maneno yetu ni marefu. Mzungu ana neno lake la herufi nne tano anaridhika, sisi tuna TUNATENGENEZA, herufi kumi na tatu, na hujamaliza, bado SIMU ZA AINA ZOTE. Sasa kijana anaandika yote hiyo kwa Orbitron, haienei kwenye fleksi, anachofanya anashika pembeni kwa kipanya anaibana iingie. Aisee msifanye hivyo. Ukiibana kwa upana, nguzo za wima zinakonda lakini mihimili ya juu na chini inabaki minene kama mwanzo, na zile kona ambazo zilikuwa mviringo safi zinavutika zinakuwa kama yai. Uzuri wote wa fonti hii upo kwenye unene kuwa mmoja pande zote, ukishaubana umeua kitu pekee ulichokuwa unakitafuta. Nenda barabarani uangalie mabango yenye herufi za kimraba, utakuta nguzo za T nyembamba na kofia yake nene, basi ujue hapo kuna mtu aliibana.

Mi naandika jina tu kwa Orbitron, neno moja, mawili yakizidi sana, halafu maelezo yote ya chini naweka Rajdhani. Hiyo ni fonti ya Indian Type Foundry, nayo iko bure kwenye Google Fonts, ile tovuti ya Google ya kushusha fonti, ina umraba umraba wake lakini ni nyembamba kwa hiyo TUNATENGENEZA inaingia bila kulia, na zikikaa pamoja zinaonekana ndugu. Wateja wengine wanabisha mwanzoni wanataka kila kitu kiwe cha roboti, nawachapishia mbili kwenye karatasi ya kawaida nazibandika ukutani kwa nje wakaziangalie wakiwa ng'ambo ya barabara, hajawahi kurudi mtu akachagua ile iliyojaa Orbitron yote.

Sasa nije kwenye ile iliyoniaibisha. Kuna fundi simu, nilimtengenezea bango la boksi lenye taa ndani, jina la duka Orbitron Black na chini namba ya simu nayo Orbitron Black, kubwa, nikaona nimemaliza, bango linawaka usiku mtaa mzima unalijua. Baada ya kama wiki mbili akaja dukani kwangu, hakusalimia vizuri, akaniambia "bro watu wananiambia wamepiga namba haipatikani, na kuna mama mmoja kanipigia mwenyewe analalamika anapigiwa anaulizwa bei ya kioo cha simu." Nikamwambia namba nimeiandika sahihi, tukaenda, namba ni sahihi kweli. Jioni nikasema ngoja nikae ng'ambo pale kijiwe cha bodaboda niliangalie kama mpita njia. Taa zimewaka, naangalia namba, hapo nikaelewa. Kwenye fonti hii 6, 8, 9 na 0 zote zinaanza na boksi lilelile, kinachotofautisha ni kipengo kidogo cha upande mmoja au kaubao ka katikati. Sasa mwanga wa taa unatapakaa kwenye plastiki, unakula vile vitundu vya ndani na vile vipengo, herufi nene ndo kabisa, kwa hiyo 6 inageuka 8, 9 inageuka 8, mtu anasoma anavyoona anapiga. Niliuliza bodaboda watatu pale wanisomee namba, wawili walikosea tarakimu moja na siyo tarakimu ileile. Nilibadilisha lile bango kwa hela yangu, jina nikaliacha namba nikaweka ya kawaida kabisa yenye mapengo wazi, na yule fundi tumerudi kuwa marafiki, ila ile jioni pale kijiweni sijaisahau.

Na hilo siyo la bango langu tu. Mwaka 2012 watu wa MIT AgeLab wakishirikiana na Monotype, kampuni kubwa ya fonti, walipima watu kwenye kifaa cha kuigiza kuendesha gari, kwenye skrini ya gari wakaweka maandishi ya Eurostile, yaani ukoo huuhuu wa kimraba, halafu wakaweka ya Frutiger ambayo ni wazi zaidi na maumbo yake yametofautiana. Wanaume walipotumia Frutiger muda wa kuitazama skrini ulipungua kwa asilimia 10.6, kwa wanawake tofauti haikuwa kubwa hivyo. Dereva wa basi la Dar anayepita mbele ya bango lako hana muda wa kuchambua hii ni 6 au 8, anasoma mara moja amepita. Kwenye jezi nako hivyohivyo, kuna timu ya mtaani nilikuwa nimewawekea namba kwa Orbitron, zilipendeza mno kwenye picha, lakini siku ya mechi aliyekuwa anaandika wafungaji pembeni ya uwanja akawa anamwandikia bao namba 8 wakati kafunga 6. Siku hizi jezi nabakisha jina la timu kifuani kwa Orbitron, namba mgongoni naweka nyingine.

Kuna hili la alama ya ng', ambalo halisemwi popote kwa sababu wanaoandika kuhusu fonti wengi hawana ng' kwenye lugha yao. Muuza ving'amuzi alitaka bango. VING'AMUZI kwa herufi kubwa. Ile alama inakaa juu kati ya G na A, na kwa kuwa G ni boksi na A ni boksi, chini ya alama panabaki nafasi tupu kama jino lililong'oka, ukisoma haraka unaona VING halafu AMUZI, maneno mawili. Dawa yake ni ndogo, isogeze ile A kushoto kwa mkono mpaka alama ikae karibu kugusa mabega ya herufi zote mbili, usiiguse kabisa maana kwenye stika itakuja kipande kimoja. Hivyohivyo ukiandika Ng'apa kwa watu wa Lindi. Inachukua dakika moja lakini ndo tofauti ya aliyesoma bango lake na aliyelichapisha tu.

Upande wa mafaili nako kuna mtego. Ukiishusha Google Fonts unakuta faili moja kubwa lenye unene wote ndani yake, kuanzia 400 mpaka 900, na folda nyingine yenye kila unene peke yake. Wengi wanachukua lile la kwanza wanaliweka kwenye Corel ya zamani, programu ya kudizaini kwenye kompyuta, au kwenye programu ya simu, wanaona unene mmoja tu, ule mwembamba, wanasema fonti mbovu. Siyo mbovu, programu yao ndo haijui kufungua faili la aina ile, ingia kwenye ile folda uchukue Bold, ambayo ni nene kiasi, na Black kama mafaili yanayojitegemea. Hata PixelLab ya kwenye simu nimeziingiza hivyo zinafanya kazi vizuri, na kuna jamaa zangu wanatengeneza matangazo yote kwa simu, hawana hata kompyuta. Na kama unahitaji ile nyembamba kabisa ya Light, hiyo ilikuwepo kwenye toleo la mwanzo la The League, ile ya Google inaanzia Regular, yaani unene wa kawaida. Mi sijawahi kuihitaji, kwa jua letu kitu chembamba hakionekani.

Haina ya kulala. Hili linaniuma kidogo kwa sababu watu wa bajaji wanapenda maandishi yaliyolala, wanasema yanaonyesha spidi. Ukibonyeza kitufe cha kulaza, programu inaisukuma tu kwa nguvu, nguzo zinalala lakini zile kona za mviringo zinapinda vibaya, kona ya juu kulia inachongoka na ya juu kushoto inafura. Ikifika hapo nambadilishia fonti, nampa Exo 2 ya Natanael Gama ambayo imechorwa iliyolala kabisa kwa kila unene.

Kwenye kukata stika, Orbitron ni rafiki. Nitawaambia kwa nini. Stika inaanza kubanduka kwenye ncha, siku zote, vumbi na maji vinaingia pale kwenye kona kali, halafu huku kwetu kuna chumvi ya bahari na jua la kutosha, ncha ya A ya kawaida au ya M inanyanyuka kwanza halafu mtoto anapita anaimalizia kwa kucha. Orbitron kona zake nyingi ni mviringo, hakuna pa kuanzia. Nina bajaji nimeibandika inalala nje kule Shangani karibu kabisa na maji, na kila nikikutana nayo nasimama naangalia, jina bado limeshika pande zote. Kazi iko kwenye kunyofoa vile vipande vya ndani kwa sindano baada ya plota kukata, tundu la A, matundu mawili ya B, la R, la O, lakini kwa kuwa ni makubwa na yana kona laini yanatoka mazima bila kuchanika. Tumia Bold. Black vitundu vinakuwa vidogo na Regular mistari inakuwa myembamba inavutika ukiinyanyua na tepu.

Ile ya kupaka kwa brashi ilikuwa hivi. Mteja wa Mikindani alitaka jina ukutani, ukuta una chokaa inayopukutika, stika haishiki, nikamtafuta mzee mmoja mchoraji wa siku nyingi wa kule. Nikamsalimia shikamoo nikampa karatasi niliyochapisha. Akaiangalia muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, hizi herufi ni za rula, zamani tulikuwa tunaandika za mkono zinazunguka, hizi zinataka mtu mtulivu tu." Akapiga mistari kwa uzi na chaki, nguzo zote upana mmoja, ikabaki kona. Nikawa nataka kumpa nilichokata kama kielelezo, yeye akatoa kizibo cha soda mfukoni, akakilaza kwenye kila kona ya nje akazungusha penseli robo duara, kona zote zikawa sawa kabisa ukuta mzima, akaanza kupaka. Nilikaa pale mpaka jua linazama namuangalia. Kwa ndani hakutumia kitu, alizungusha kwa jicho tu, na ukienda leo ukapima na rula utakuta hazijapishana. Pale ndo niliona kwamba dizaini yenyewe ni nyepesi kwa maana nzuri, imejengwa na vitu viwili tu, mstari ulionyooka na kona moja inayojirudia, ndo maana mtu anaweza kuijenga upya kwa uzi na kizibo.

Pa kutoiweka. Kuna mama anakaanga korosho, anafunga kwenye pakiti anauza kwa abiria stendi, korosho zake mi mwenyewe nanunua, safi, hazijaungua. Mwanae alinitumia meseji anataka lebo "ya kisasa". Nikaandika KOROSHO kwa Orbitron, ikatoka nzuri kabisa kama dizaini, O tatu zimepangana. Nikaichapisha nikaibandika kwenye pakiti, nikaiweka mezani. Yule mama alipokuja akaishika akaigeuza akasema "baba, hii kama ya betri." Na ni kweli, ilikuwa inaonekana kama kitu cha kuweka kwenye tochi, mkono wa aliyekaanga haupo hapo, moto haupo. Nilimtafutia herufi nene za mviringo zenye ulaini, na rangi ya kahawia, akafurahi. Chakula hapana, kadi za harusi hapana, tangazo la msiba usithubutu, hata zahanati mi naona hapana maana mgonjwa anataka kuona watu siyo mashine.

Kuhusu zingine za aina yake nimezijaribu karibu zote za bure. Michroma ya Vernon Adams iko karibu zaidi na ile Microgramma ya zamani, nzuri sana, ila ni pana kuliko hata Orbitron na ina unene mmoja tu. Audiowide nayo unene mmoja, ina mbwembwe za gari la mashindano, kwa duka la muziki wa gari inafaa. Oxanium ya Severin Meyer kona zake zimekatwa badala ya kuviringishwa, inasomeka vizuri zaidi kwa maneno marefu na kwa namba naiamini kuliko Orbitron, nadhani mwakani nitaitumia zaidi. Lakini kwa jina moja fupi lenye A, bado sijapata ya kuifikia Orbitron. Nyota nampa nne kwa tano, moja nimeikata kwa sababu ya zile namba.

Bei ni bure, na hapa nataka nieleweke, bure ya halali. Leseni yake ni SIL Open Font License, inakuruhusu uitumie kwenye kazi za kulipwa, bango, fulana, nembo, uibadilishe hata herufi ukitaka, umgawie na mwenzako pamoja na ile karatasi ya leseni. Kisichoruhusiwa ni kuiuza yenyewe peke yake. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanazunguka na flashi wanauza "fonti elfu moja" kwa vijana wanaoanza, na Orbitron imo humo ndani, na kijana anatoa hela yake ya kula kwa kitu ambacho angekishusha mwenyewe kwa bando dogo tu. Msinunue, nendeni mkaichukue wenyewe, na mkiichukua huko mnapata iliyokamilika, hizo za kwenye flashi nimeshakuta moja haina hata alama ya mkato juu, sasa ng'ombe utaiandikaje.

Leo hii ninavyoandika nina boti ya fiberi ya kijana mmoja mvuvi wa Msangamkuu inanisubiri, anataka jina AMANA pande zote mbili za mbele. A tatu, M moja, N moja, yaani kama neno limetungwa kwa ajili ya fonti hii. Nimeshalikata kwa Bold, rangi nyeupe juu ya bluu, urefu wa herufi sentimita kumi na nane, na kwa kuwa ubavu wa boti umejipinda nitalibandika herufi moja moja kuanzia A ya katikati kwenda pembeni ili lisipande juu. Alitaka na namba ya usajili nayo iwe ya hivyohivyo zifanane. Nimemkatalia, nimemwelewesha kwamba ile namba ndo itakayosomwa kwa mbali baharini siku akihitaji kuonekana, kaelewa, hiyo nimemwekea Arial, fonti ya kawaida iliyomo karibu kila kompyuta.